Kinu cha Nyar Rusinga

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wangefika dukani kwa Mahmud asubuhi ile wangeongeza kwamba hata ugomvi wa wapenzi haufichiki, hasa ukifanyikia juu ya kaunta ya mtu mwingine.

Dolphine alikuwa ameapa tangu anaondoka Sindo kwamba leo hatagombana na Job. Alipofika Migori mjini na kumkuta akimngoja mlangoni pa duka, shati limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe, moyo ulimlainika akasahau hata uchovu wa barabara. Job Masese ni kijana wa Kikuria, fundi wa kompyuta, mrefu, mwenye macho ya upole na kichwa kigumu. Dolphine alikipenda kichwa hicho, na ndicho kilichokuwa kikimliza. Waliingia dukani wameshikana mikono. Mahmud, mwenye duka, mtu wa Garissa aliyeletwa Migori na biashara na akasahau kurudi, hakuwa amemaliza hata salamu zake ndefu mikono hiyo ilipoachana.

"Weka hiyo chini," Dolphine akasema.

"Hata hujaiangalia."

"Nimeiangalia, Job. Inawaka."

Kitu chenyewe kilikuwa kizuri, tuseme ukweli. Kilikuwa kifaa cha kupoza kompyuta kwa maji: pampu ndogo, mipira miwili myeusi, na rejeta kama ya gari la mtoto, yenye feni tatu zinazong'aa rangi zote za upinde wa mvua. Job alikuwa amekitoa katika kabati la kioo kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Akaeleza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo siku nyingine humfanya Dolphine akubali lolote, kwamba maji hubeba joto kutoka kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, yakalipeleka kwenye rejeta, feni zikalipuliza nje. Maji yenyewe yamefungwa ndani. Sasa hao sam wataingilia wapi?

"Na rejeta inapozwa na nini?" Dolphine akauliza.

Job akazigusa zile feni.

"Si na feni? Na feni si zinavuta hewa? Na hewa ya Sindo si ndiyo hiyo imejaa sam? Halafu umeziwekea taa ndio wasipotee njia."

Sam ni wadudu wadogo wa ziwani, laini, wasiouma mtu. Huinuka kutoka majini kama moshi mweusi, na wakiona taa hawana akili nyingine. Usilolijua ni usiku wa giza, na Job, aliyekulia huko juu Kehancha kwenye mahindi na tumbaku, alikuwa hajawajua hadi siku ile ya aibu ambayo wote wawili hawakupenda kuitaja.

Lakini lazima itajwe, maana ndiyo iliyowaleta dukani.

Dolphine ana ukumbi wa gemu pale Sindo, chumba kimoja cha mabati anachokodi kwa mamake. Job alikuwa amemtengenezea kompyuta ya kwanza kwa mapenzi matupu: kioo ubavuni, feni nyembamba, taa kila pembe. Jioni ya kuizindua, sam walitoka ziwani, wakaona ile taa, wakaingia wote. Feni zikawasaga uji. Mashine ikachemka, harufu ya samaki aliyeungulia chunguni ikajaa ukumbini. Kabla haijafa kwa joto, upande wa pili wa ukuta mamake Dolphine akawasha kinu chake cha kusaga unga, stima ikashuka, kompyuta ikajizimikia mbele ya vijana wa Sindo yote. Walicheka wiki nzima. Mmoja alisema ingetiwa chumvi tu, ingeliwa.

Mama huyo jina lake ni Teresa, lakini kwa kuwa alizaliwa Rusinga na kuolewa Sindo, wote humwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga. Mume wake aliondoka siku moja akisema anaenda kutafuta, na hadi leo anatafuta. Teresa akabaki na kinu. Kwa kinu hicho aliwalea watoto wake, akawasomesha, akajenga. Hakuwa na neno na Wakuria, wala na kompyuta. Hofu yake aliisema jioni ile ile ya aibu, kwa Kijaluo, akimwambia binti yake lakini kwa sauti ya kupenya mabati ili mgeni aulize ametukanwa nini.

"Nyara, binti yangu, mimi nimeshaishi na kitu kinachowaka vizuri asubuhi na kuzima jioni. Sitaki wewe uolewe na kingine." Kisha akatoa hukumu. Siku ya mashindano ya gemu ya Suba hatazima kinu kwa ajili ya mchezo, atasaga kama kawaida. Mashine ya huyo mtu ikikaa bila kuzima tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, alete watu wake waongee ayie, yaani ile safari ambayo mama wa msichana huendewa na heshima zake ili atoe neno la kukubali. Ikizima hata mara moja, asimpitie tena mlangoni.

Mashindano yalikuwa Jumamosi inayokuja.

Ndiyo maana Dolphine hakutaka kuona rangi za upinde wa mvua asubuhi ile. Alimwambia Job hivyo, na akaongeza maneno mawili matatu ambayo hakuhitaji kuyaongeza, likiwemo la kwamba fundi anayechagua vifaa kwa macho ni sawa na mtu anayenunua ng'ombe kwa rangi. Mahmud akajitia kufuta vumbi kwenye redio ambazo hazikuwa na vumbi.

Job alikiweka kile kifaa kauntani polepole. Alipoongea hakumtazama.

"Nilitaka mamako aingie aone kitu kizuri. Mara moja tu. Anione mimi kama mtu. Dolphi, mwaka mzima huu nakuja kwenu, hata kunitazama hanitazami. Nikitokea mbele anageuka, anaangalia ukuta. Nikimsalimia anakutuma wewe uitikie. Mtu akinichukia hivyo, mimi nitamwonyesha nini kama si taa?"

Dolphine alimtazama, na hasira yote ikamtoka kama maji kwenye kapu. Mwaka mzima! Mwanamume huyu alikuwa amebeba kidonda hiki mwaka mzima, na yeye, kwa kuzaliwa ndani ya mila, hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuiona na asiielewe.

"Job," akasema, "wewe umewahi kumwona mama na mteja?"

"Nimemwona."

"Anamtazama vipi?"

"Anamkodolea macho hadi anakumbuka deni la mwaka juzi."

"Basi. Mtu baki mama anamtazama hadi ammalize. Kwetu sisi, mwanamke hamkwepi mtu baki. Anayekwepwa ni mkwe peke yake. Haonani naye uso kwa uso, hamshiki mkono, hali mbele yake. Mama alianza kukugeuzia mgongo siku ya pili ulipokuja. Mimi nilienda jikoni nikalia kwa furaha, nikadhani na wewe umeelewa."

Tabasamu likaanza upande mmoja wa uso wa Job, likachelewachelewa, likafika upande wa pili, na Dolphine akaona macho yake yamelowa. Alitamani kumkumbatia palepale, lakini Mahmud alikuwa mtu mzima na mwenye heshima zake, wakabaki wakitazamana tu, na kwa mtazamo ule waliambiana mengi kuliko ambayo wangeyasema wakikumbatiana.

"Kwa hivyo mimi ni mkwe," Job akasema.

"Ni mkwe anayetaka kufukuzwa na taa."

"Na macho yake hayatazami kompyuta pia?"

"Mama hajui mashine kwa macho. Anaijua kwa masikio. Beringi ya kinu ikianza kuchoka, yeye anaisikia akiwa kanisani."

Job akakichukua kifaa cha maji, akakirudisha kabatini kwa mkono wake. Hapo Mahmud akaona ni salama kurudi miongoni mwa watu. Akashusha sanduku refu lililokuwa likikaa juu bila wa kulitaka. Ndani mlikuwa na mnara wa alumini wa kupozea prosesa, vipande vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu, na feni mbili pana zisizo na taa hata moja. Akasema huo hauna pampu ya kufa wala maji ya kuvuja, ni chuma na upepo. Na kwa kuwa kile cha maji kilikuwa ghali, wakiache, wachukue huu pamoja na UPS moja yenye betri nzito, ya kushikilia mashine stima ikikatika, naye atahesabu wamelingana.

"UPS ya nini?" Dolphine akauliza. "Mama anashusha stima, hakati."

"Mwanangu, wallahi mimi nimekaa nchi hii ya ziwa miaka mingi," Mahmud akasema. "Stima ya huku ni kama mvua, si ya kuaminiwa. Beba."

Ikabaki pawa saplai, ule mtambo wa chuma unaopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Hapo Dolphine alikuwa ameshajiamulia. Aliona sanduku lililoandikwa wati elfu moja kwa herufi kubwa za dhahabu, akalikumbatia. Job hakubishana. Alimwekea mkononi lile la dhahabu, na katika mkono wa pili akamwekea jingine dogo, la wati mia saba na hamsini, lisilo na urembo wowote. Mkono wa pili ukashuka.

"Ya dhahabu ni nyepesi," Dolphine akakiri.

"Ndani ni hewa. Sasa soma hapa ubavuni. Hii yako inataka volti mia mbili kwenda juu. Kinu cha mama kikianza kuzunguka, stima ya kwenu inashuka hadi mia na hamsini, inakaa hapo kidogo, halafu inapanda. Hii itakata. Hii nyingine inapokea kuanzia mia moja. Mama awashe, asiwashe, yenyewe inakunywa tu."

"Nani amekuambia ni mia na hamsini?"

Job akakuna kisogo. Akaeleza kwamba siku moja Dolphine alipoenda Mbita, yeye alibaki ukumbini na mita yake, akaichomeka ukutani, akasikiliza. Kila kinu kilipowashwa alisoma. Alikaa hivyo asubuhi hadi jioni. Alisema siku hizi anakijua kinu cha mama huyo kuliko wimbo wowote.

Dolphine akaliacha sanduku la dhahabu. Alikuwa amependwa na wanaume wa maneno matamu kabla ya huyu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kutwa nzima akisikiliza kelele za kwao ili ajue namna ya kuishi nazo.

Jumamosi ikafika na jua lake. Vijana walitoka Mbita, Rusinga, Homa Bay, hata Oyugis, ukumbi ukajaa hadi wengine wakachungulia dirishani. Walipoiona mashine, wakaguna. Lilikuwa sanduku jeusi, bubu, limefunikwa mbele kwa chandarua cha mbu ambacho Dolphine alikishona kwa mkono na kukitia zipu. Feni za mbele Job alizichagua zenye mapanga mapana, zenye nguvu ya kuvuta hewa kupita kwenye wavu. Mmoja akauliza kama hii ni kompyuta ama ni kabati la vifaranga. Dolphine akamwambia asubiri vianguliwe.

Upande wa pili wa ukuta Nyar Rusinga alikuwa kazini. Jumamosi ndiyo siku ya soko, foleni ya mabeseni ilifika barabarani. Kila alipowasha kinu, balbu ya ukumbini iliinamisha kichwa, na moyo wa Dolphine uliinama pamoja nayo. Mashine haikujali. Job alikaa kando yake tangu asubuhi, kiganja kimoja juu ya bati lake, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Hakula. Dolphine alimpelekea chai mara mbili, na mara mbili ikapoa.

Alasiri ikielekea jioni, ziwa likatoa moshi wake.

"Sam!" mtu akapaza sauti dirishani.

Dolphine alikuwa tayari. Wavuvi wa kwao huwaita dagaa kwa taa, na yeye akaona hata sam wanaweza kuitwa hivyo. Alikuwa amening'iniza balbu kubwa nyeupe nje, kwenye mti ulio upande wa ziwani, akaiwasha. Wingu zima likageuka, likaenda kuilaki. Waliobaki, na hawakuwa wachache, walikuja ukumbini, wakajibandika kwenye chandarua hadi kikawa cheusi. Naye alikuwa na brashi ya kupakia rangi, akawa anawafagia, anafagia tena, mkono umechoka naye hajali. Kwenye pembe ya skrini nambari ya joto ilipanda hadi sabini, ikasita, ikakaa hapohapo.

Job alimtazama kupitia juu ya mashine. Hakusema neno, akainua tu kidole gumba, na Dolphine akajihisi amevishwa pete.

Fainali ikawa ya Frankline wa Mbita, bingwa wa mwaka uliopita, na Hibo, bintiye Mahmud, aliyekuja kutoka Migori na hijabu yake ya samawati na ukimya uliowatisha wanaume. Walicheza hadi dakika za mwisho wakiwa sare. Dakika za nyongeza, sare. Ikaamuliwa penalti. Frankline akafunga, Hibo akafunga, hadi ikabaki moja moja kwa kila mmoja. Ukumbi ukaacha kupumua.

Hapo ndipo stima ilipopotea Sindo nzima.

Balbu ya ukumbini ikafa, na ile ya nje, na redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara. Nyuma ya ukuta, kinu cha Nyar Rusinga kililia kama ng'ombe, mkanda wake ukapiga pa, pa, pa, ukalegea, ukanyamaza. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno, kwa sababu ni miaka mingi hakuna aliyesikia Jumamosi bila kinu kile.

Ndani ya kimya hicho, kitu kimoja kilikuwa kinavuma. Feni za mnara wa alumini zilikuwa zikizunguka taratibu, bila wasiwasi. Skrini ilikuwa inawaka. Chini ya meza UPS ya Mahmud ililia pii, pii, kama kifaranga.

"Chezeni," Job akasema. "Betri ipo, lakini si ya kulala nayo. Chezeni."

Frankline akapiga, mlinda mlango akadaka. Hibo akashusha pumzi, akapiga. Mpira ukaingia pembeni kabisa, mahali ambapo hata malaika hafiki, na mabati ya Sindo yakatetemeka kwa kelele. Watu wakambeba Hibo juu juu. Dolphine hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amefunika uso kwa viganja, brashi bado mkononi, sam wamemjaa nywele, na alikuwa analia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Haikuzima. Tangu ya kwanza hadi ya mwisho, haikuzima.

Alipofungua macho, kelele zilikuwa zimepungua, na watu walikuwa wakipisha njia.

Nyar Rusinga alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Dolphine aligeuka haraka kumtafuta Job, akahofu, kwa furaha ile, atamkimbilia mama na mkono wa salamu. Job hakuwa mahali pake. Alikuwa ameshainuka, amekwenda hadi pembe ya mwisho ya ukumbi, akasimama akiutazama ukuta, amempa mama mgongo kwa heshima zote, kama kijana aliyezaliwa na kulelewa pale pale ziwani.

Teresa aliona. Alisimama kidogo. Kisha akaingia ubavuubavu, uso wake naye ameuelekeza kwenye ukuta mwingine, akafika kwenye mashine, akaweka kiganja chake cha unga juu ya bati, akainamisha sikio. Alisikiliza kwa muda. Vijana wote wa Suba wakamngoja.

"Nyara," akasema mwishowe. "Hii haikuzima?"

"Haikuzima, mama."

"Na yangu imezima."

"Yako imezima, mama."

Alisikiliza tena, na Dolphine aliona kifua cha mamake kikipanda na kushuka, na mkono ule mweupe ukipapasa bati kama unaopapasa mgongo wa mtoto.

"Inapumua vizuri," Teresa akasema, na sauti yake ikakatika katikati. Alipoipata tena aliongea Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida aliitumia na maafisa tu, polepole, ili isije ikahitaji mkalimani. "Mwambie huyo mtu awalete watu wake. Mama yake aje, na dada zake, na yeyote anayemtaka. Ugali watakaokula, unga wake nitausaga mimi mwenyewe."

Kutoka pembeni, bila kugeuka, Job akajibu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwambie mama nimesikia. Mwambie watakuja."

Dolphine alisimama katikati ya migongo miwili anayoipenda kuliko kitu chochote duniani, akajifuta machozi kwa mkono uliojaa sam, na akaufikisha ujumbe, kwanza huku, kisha kule, neno kwa neno, ingawa ukumbi mzima ulikuwa umeshausikia.